Kompyuta ya Mama Kanyiva Yasahau Njia

"Wakazi wa Mowlem, wenye nyumba na wapangaji, wake kwa waume, tegeni masikio! Daktari Opicho, bingwa wa kompyuta, tabibu wa simu zilizozimia na mfufuaji wa redio zilizokata roho, amerejea salama salimini kutoka shule ya bweni. Kuanzia leo anapokea wagonjwa. Mwenye subira ataponywa. Mwenye dharau ataponywa wa mwisho."

Tangazo hilo zito lilitolewa Jumamosi asubuhi juu ya paa la ploti, mbele ya kamba za nguo, tangi la maji na njiwa mmoja aliyekuwa akijichokoa kwapani. Mtoa tangazo alisimama juu ya ndoo iliyopinduliwa, mkono wa kulia kifuani kama mbunge anayekula kiapo. Mkono wa kushoto ulishika shimizi ya mama yake iliyolowa, ambayo ndiyo hasa aliyotumwa huko juu kuianika.

"Daktari," ilisema sauti kutoka nyuma ya shuka, "shimizi inakukojolea viatu."

Aliyesema alikuwa Kanyiva, binti wa nyumba ya chini yao, rika lake, mwenye ulimi ulionolewa kwa jiwe. Yeye alisoma shule ya kutwa palepale mtaani, na kwa maoni ya Opicho, mtu ambaye hajawahi kuamshwa na kengele gizani akaoge maji ya baridi kali alikuwa bado hajaiva. Kwa maoni ya Kanyiva, Opicho aliiva mpaka akaungua.

"Niaje, Kanyiva. Wagonjwa wanapanga laini hapo nyuma ya tangi."

"Basi niweke wa kwanza. Kompyuta ya mathe imekufa."

Opicho akashuka kwenye ndoo.

"Imekufaje?"

"Imekufa tu. Amewasha asubuhi, ikawaka poa, akaiambia idarizi, ikamwambia haijui kudarizi ni nini. Majoho ya kwaya hayajaisha na Mwalimu Shitanda anakuja kuyachukua leo. Mathe hajakunywa hata chai. Amekaa anaiangalia vile watu huangalia mgonjwa mahututi. Sasa utashuka, ama utaendelea kuhutubia njiwa?"

Opicho akaitundika shimizi ndani nje, akashika ngazi. Alishuka kwa mwendo wa daktari mkuu anayepita wodini. Hakuwa na haja ya kumpima mgonjwa. Ugonjwa aliujua, kwa sababu yeye ndiye aliyeuleta.

Mambo yalikuwa hivi. Mama Kanyiva, ambaye jina lake ni Syombua ingawa hakuna mtu ploti nzima aliyemwita hivyo, alikuwa fundi wa kudarizi. Mashine yake aliinunua kuukuu kutoka karakana moja ya Industrial Area iliyokuwa ikifunga milango, na pamoja nayo akapewa kompyuta iliyoiongoza: sanduku zito lenye rangi ya meno ya mvuta sigara, lenye Windows XP ndani na kitambaa cha kufuma juu, kana kwamba ni kochi la wageni. Watu walimshauri atafute kompyuta ya kisasa. Akajaribu. Programu ya kudarizi ikaikataa kompyuta ya kisasa, nayo kompyuta ya kisasa haikuwa na tundu la kuchomeka ule waya mnene wa mashine. Basi wazee hao wawili, sanduku na mashine, wakabaki pamoja kwa raha na shida. Mama Kanyiva alipotaka kushona, alifungua dirisha jeusi lisilo na picha hata moja, akaandika "darizi" na jina la nembo anayoitaka, akabonyeza, na sindano ikaanza kucheza.

Zamani alidarizi nembo za sweta za shule. Kisha shule zikahamia maduka makubwa ya mjini, na kwa muda mrefu Mama Kanyiva akawa anatoka alfajiri kusimama na vibarua kwenye lango la kiwanda, karibu na Mukuru kwa Reuben, akingoja kunyooshewa kidole achaguliwe. Majoho ya kwaya ya Dandora ndiyo yaliyomrudisha kwenye mashine yake. Mwalimu Shitanda alikuwa ameahidi kwamba yakipendeza, makanisa yote ya jimbo yatamletea kazi. Yasipopendeza, lango la kiwanda halijahama.

Opicho aliyajua hayo yote.

Jana yake alikuwa amealikwa chapati za kumkaribisha likizo, na kijana mwenye sifa kama zake haingii nyumba ya watu bila kuiachia utani wa kumkumbukia. Utani wenyewe ulihitaji kujua siri moja ya lile dirisha jeusi. Ukiliandikia neno, lenyewe halijui kitu hicho kinakaa wapi. Lina orodha ya folda, inayoitwa njia, na hulibeba neno lako kama mtoto aliyetumwa kumwita mtu mtaani: anabisha mlango wa kwanza, hayupo, wa pili, hayupo, wa tatu, huyu hapa. Mlango wa kwanza wenye mtu wa jina hilo ndio unaoitika, hata kama yuko mwingine wa jina hilohilo mbele zaidi. Opicho aliligundua hilo katika maabara ya shule. Akatunga programu bandia, akaiweka kwenye folda yake, akaitanguliza folda hiyo katika orodha, na kwa kipindi kizima kidato cha kwanza kikaamini kwamba kompyuta hazifanyi kazi bila barua ya ruhusa kutoka kwa askofu. Kazi safi kabisa. Hata mwalimu aliyemwadhibu alitoka nje kwanza akacheke.

Kwa Mama Kanyiva alipanga kitu chenye heshima zaidi. Mama angeandika "darizi", na kompyuta ingemjibu: "Mheshimiwa, amri yako imepokelewa na itajadiliwa na kamati." Mama angeshangaa, Kanyiva angepiga kelele, Opicho angefuta utani wake kwa kidole kimoja, na chapati nyingine ingeletwa.

Mama Kanyiva alikuwa jikoni akigeuza chapati. Kanyiva alikuwa ameenda dukani kununua maziwa. Opicho akaisoma orodha, akaona mahali pa kuitanguliza folda yake, kisha akafungua kisanduku kidogo ambamo njia huandikwa. Sasa, kisanduku hicho kina tabia mbaya. Kikifunguka, maandishi yote yaliyomo huwa yamekwisha kuchaguliwa, yamevaa buluu, na ukigusa herufi moja tu, yote hufutika ikabaki hiyo herufi yako. Opicho alilijua hilo. Alikuwa amewafundisha wengine. Akabonyeza C, herufi ya kwanza ya folda yake, hata hivyo, kwa sababu mikono ya mwenye haraka haingoji kichwa. Orodha yote ikayeyuka. Papo hapo kandambili zikalia koridoni, na kidole chake, kwa hofu, badala ya kughairi, kikakubali.

"Opicho, njoo uchukue sahani," Mama Kanyiva akasema mlangoni.

Hapo ndipo shetani alipomfanyia wema wake wa kinafiki. Dirisha jeusi husoma njia mara moja tu, linapofunguliwa. Lile la Mama Kanyiva lilikuwa wazi tangu asubuhi, kwa hiyo liliendelea kuikumbuka orodha ya zamani, na sindano ikaendelea kushona. Opicho alipoona inashona, akajiambia kwamba pengine hakuna kilichoharibika. Akala, akashiba, akaenda kwao akalala usingizi wa malaika. Asubuhi kompyuta ikawashwa upya, dirisha jipya likafunguliwa, likasoma njia, na katika njia yote likakuta C.

Sasa Daktari alikuwa amesimama sebuleni mwa Mama Kanyiva, kati ya kochi na mlima wa majoho ya rangi ya zambarau.

"Habari ya asubuhi, Mama Kanyiva."

"Si nzuri, mwanangu. Ona." Akaandika polepole, herufi baada ya herufi, kama mtu anayempa mgonjwa uji kwa kijiko. Kompyuta ikajibu, kwa kile Kiingereza chake kikavu, kwamba "darizi" haitambuliki kama amri ya ndani wala ya nje. "Jana ilikuwa inajua. Si hata wewe ulikuwa hapa ukiiona?"

"Niliiona," akasema Opicho, na hilo halikuwa uongo.

Angeweza kukiri palepale. Wazo lilimjia, likakaa kidogo, likaondoka. Kijana aliyefaulu kwa utani hukiri kwa majivuno, hata hudai apigiwe makofi. Lakini nani hukiri utani uliokufa kabla ya kuzaliwa? Isitoshe, ugonjwa alikuwa anaujua na dawa alikuwa nayo. Mgonjwa akiinuka, nani atauliza alilazwa na nani?

"Usijali, Mama. Hii naiponya kabla chai haijapoa."

"Chai sijapika."

"Basi kabla haijachemka."

Kabla hajagusa kibodi, mlango ukabishwa na kufunguka kwa pamoja, maana Mwalimu Shitanda hakuwa mtu wa kungoja aitikiwe. Alikuwa mrefu, mwembamba, siku za kazi mwendesha mitambo kiwandani na siku nyingine zote mwalimu wa kwaya, mwenye sauti nzito ya besi iliyotingisha vikombe kabatini.

"Bwana asifiwe."

"Amina, mwalimu. Karibu ndani. Umefika mapema."

"Mbona mashine iko kimya? Mimi nimezoea kuisikia nikiwa bado kwa ngazi."

"Kompyuta imegoma kidogo. Kijana anaiangalia."

Shitanda akamwangalia kijana kuanzia kichwani, akateremka hadi kwenye viatu vilivyolowa. "Huyu? Huyu si yule mtoto wa Nabwire aliyefungia paka ndani ya ofisi ya kanisa?"

"Paka aliingia mwenyewe, mwalimu," Opicho akasema kwa unyenyekevu. "Mimi nilifunga mlango tu."

"Kesho tunaimba mbele ya askofu, Mama Kanyiva. Sauti ya kwanza na ya pili wawe na nembo, sauti ya tatu na ya nne wasimame uchi?"

"Hawatakuwa uchi, mwalimu," Kanyiva akadakia. "Joho si liko?"

"Mbele ya askofu, joho bila nembo ni uchi." Shitanda akavua kofia. "Tuiombee kwanza hii mashine."

Wakainamisha vichwa. Mwalimu akaomba kwa sauti ya besi, akataja sindano, akataja uzi, akataja stima, kisha akapanda juu na kuikemea roho chafu iliyoingia katika chombo hiki kwa hila, ikajificha, ikamnyima mama wa watu riziki yake. Itoke, akasema. Ifichuliwe. Opicho alisogea nusu hatua nyuma, macho yamefumbwa, akajikuta anasema "Amina" kabla ya wakati.

"Sasa tuone," akasema Daktari, akavuta kiti.

Na hapa lazima asifiwe, maana hata mkosaji akifanya kazi vizuri, kazi ni nzuri. Hakubabaika. Aliandika "dir", na dirisha likamwaga majina ya folda bila shida. Akaandika amri nyingine, "ping", na dirisha likasema haliijui.

"Mmeona?" Akageuka kama mwalimu mbele ya ubao. "Amri kama dir, dirisha huzaliwa nayo, liko nayo mfukoni. Ping hukaa nje, lazima iitwe. Ya mfukoni inafanya kazi, ya nje haifanyi. Kwa hiyo darizi haijaharibika, Mama. Darizi iko salama nyumbani kwake. Shida ni kwamba anayetumwa kuiita amesahau milango."

"Milango gani?" akauliza Shitanda.

Opicho akaandika "path". Dirisha likajibu: C.

"Hapo palitakiwa pawe na orodha, mwalimu. Imebaki herufi moja. Ni kama umtume mtoto Dandora akuitie mtu, umwambie tu aende 'upande ule'. Atarudi akuambie hakuna mtu kama huyo duniani."

"Na nani ameifuta?" Kanyiva akauliza.

"Kompyuta za zamani," Opicho akasema, akitikisa kichwa kwa huzuni ya mtu aliyezika nyingi, "hupatwa na mengi."

Kanyiva akamtazama kisogoni kwa muda. Opicho akaendelea. Alifungua kile kisanduku kidogo, safari hii kwa adabu, akaandika folda za Windows zenyewe moja baada ya nyingine, kila moja ikitengwa na mwenzake kwa nukta mkato, bila nafasi katikati, kwa sababu nafasi moja ya ovyo humpoteza anayetumwa kama mtaro usio na kifuniko. Akakubali. Akarudi kwenye dirisha jeusi, akapasha vidole moto, akaandika "ping".

Haitambuliki.

Nje, muuza mitumba alipita akiita. Shitanda akaanza kulikunja joho la kwanza.

"Daktari," Kanyiva akasema, "mgonjwa bado ni maiti."

Opicho akajipiga kofi la paji la uso. "Dirisha! Dirisha hili ni la zamani. Limesoma njia mbovu na halisomi mara mbili. Ukitaka lijue habari mpya, lifunge ufungue lingine." Akalifunga, akafungua jipya, akaandika "ping". Ping ikaitika, ikajieleza kwa mistari mingi. Mama Kanyiva akavuta pumzi kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo, akainama mwenyewe, akaandika "darizi".

Haitambuliki.

"Hiyo ni kwa sababu mlango wa darizi bado hatujauandika," Opicho akasema upesi. "Tumeandika milango ya Windows peke yake."

"Na mlango wa darizi ni gani?" Shitanda akauliza. Sasa alikuwa na majoho manne yaliyokunjwa na la tano mkononi. "Mama, kuna fundi huko mtaa wa Umoja ana mashine mpya, haina mambo ya kusahau milango. Mimi nitampelekea haya yaliyobaki. Si kwa ubaya."

Mama Kanyiva aliweka mkono juu ya mlima wa majoho kama mtu anayemshika mtoto asivuke barabara.

Tabibu mwenye akili angeiamuru kompyuta itafute diski nzima mahali darizi ilipo. Ni kazi ya subira. Diski ile kuukuu ingekoroma kidogo, kisha ingetoa jibu, na jibu hilo lingekuwa la halali, lenye baba na mama. Lakini Opicho jana alikuwa ameisoma orodha kabla hajaifuta, na mwisho kabisa wa orodha aliona folda moja isiyo ya Windows. Jina lake lilikuwa bado kichwani. Alidhani ni jina la kampuni iliyounda mashine. Na kijana aliyelelewa kwa kengele na mitihani, akijua jibu, hawezi kuliacha likae mdomoni. Akafungua kisanduku, akaenda mwisho wa mstari, akaweka nukta mkato, akaandika moja kwa moja: C:\NYAMAI. Akakubali. Dirisha jipya.

"Andika, Mama."

Mama Kanyiva akaandika. Kwa pumzi moja hakuna kilichotokea. Kisha mashine ikatoa mlio wake wa koo, fremu ikasogea kushoto, ikasogea kulia, na sindano ikaanza kucheza juu ya zambarau kwa uzi wa dhahabu.

"Haiya!" Kanyiva akaruka. "Imefufuka!"

Opicho akainuka, akainama mbele ya umati wa watu watatu, mkono kifuani. "Daktari hadai chochote," akasema. "Chapati mbili zinatosha."

Lakini Mwalimu Shitanda alikuwa anafunga furushi la majoho.

"Nimeona," akasema. "Na ninamshukuru Mungu, na kijana pia. Ila mimi ni mtu wa mitambo, mama. Mtambo ukifa na unajua kwa nini, unautengeneza unaendelea. Mtambo ukifa bila sababu, utakufa tena bila sababu, na utachagua siku mbaya. Hayo uliyomaliza yatavaliwa kesho. Haya nayapeleka Umoja. Na ile habari ya makanisa ya jimbo, tuiache kwanza."

"Mwalimu, mashine hii haijawahi kuniangusha."

"Na leo?"

Mama Kanyiva akageuka taratibu, akaikabili kompyuta kana kwamba anataka kuiuliza ana kwa ana, na hapo, kwenye skrini, kisanduku kidogo kilikuwa bado hakijafungwa. Macho yake yakafuata mstari hadi mwisho. Kisha akayaondoa haraka, kama mtu aliyefungua mlango wa bafu akakuta mtu ndani.

"Opicho."

"Naam, Mama."

"Hilo jina la mwisho umelitoa wapi?"

"Jina lipi, Mama?"

"Hilo." Akalielekeza kwa kidevu, bila kulitazama. "Kanyiva, mwambie."

Kanyiva akainama, akasoma, macho yakamtoka. "Nyamai? Si huyo ni guka... si huyo ni babu! Baba ya baba."

Opicho akaushusha mkono wake kutoka kifuani.

"Kwetu Ukambani," Mama Kanyiva akasema polepole, kwa Opicho lakini Mwalimu naye akisikia, "mke hamtaji baba mkwe kwa jina. Ni nthoni, ni heshima. Tangu niolewe jina hilo halijapita mdomoni mwangu, na vidole vyangu havijaliandika. Baba Kanyiva ndiye aliweka programu hiyo, akaipa folda jina la baba yake, kisha akakumbuka mimi ndiye nitakuwa naitumia. Akacheka mpaka akakaa chini. Ndipo akaiandika kwenye hiyo njia, ili mimi niite darizi peke yake, iitike, nisipitie kwa mzee. Watoto wanamwita babu. Baba Kanyiva mwenyewe yuko na lori huko mbele ya Lodwar tangu juzi, na simu yake haishiki. Kwa hii nyumba hakuna mtu angekuambia hilo jina. Sasa wewe, mtoto wa Nabwire, nani amekuambia?"

"Na hukutafuta," Kanyiva akasema. Safari hii hakuwa anacheka. "Nilikuwa nyuma yako. Uliandika tu, kama unaandika jina lako kwa kitabu."

Opicho alikuwa na uongo wa aina tatu tayari, kila mmoja umepigwa pasi. Angesema alibahatisha. Angesema programu nyingi za kudarizi hukaa kwenye folda ya jina hilo. Angesema aliiona kwenye dir. Shuleni, mmojawapo ungetosha kumpeleka mtu hadi kengele ya chakula. Lakini Mama Kanyiva hakuwa amepandisha sauti. Alikuwa amesimama kati ya mashine inayoshona na mlango ambao kazi yake ilikuwa inatokea, na Mwalimu alikuwa tayari na furushi begani. Mtambo ukifa na unajua kwa nini, unautengeneza unaendelea. Mtu mmoja tu mle ndani alijua kwa nini.

"Mwalimu Shitanda," akasema, "tua hayo majoho."

"Ati nini?"

"Tafadhali, mwalimu. Mashine haikufa bila sababu." Sauti ilikuwa imepungua, ile ya paani haikupatikana. "Ni mimi. Jana, Mama akiwa jikoni, niliingia kwenye njia, nikaifuta yote. Hilo jina nililiona hapo kabla sijalifuta. Kompyuta za zamani hazikupatwa na chochote. Zilipatwa na mimi."

Mwalimu Shitanda akalishusha furushi, akaliweka juu ya kochi. Alimtazama Opicho kwa muda, kisha akaitazama mashine, ambayo ilikuwa imemaliza jani moja la nembo na kuanza la pili.

"Kumbe nilikuwa nakemea pepo," akasema, "na pepo anaitikia amina."

"Rudia," Mama Kanyiva akamwambia Opicho. "Rudia hapo pa mashine, Mwalimu asikie vizuri."

"Mashine ni nzima, mwalimu. Haijawahi kuwa na kosa. Asingeigusa mtu, ingekuwa imemaliza hayo yote saa hizi."

Shitanda akavuta kiti, akakaa, akaweka kofia juu ya goti. "Basi mimi sina haraka. Shona, mama. Nitangoja hapa hapa, na huyu akae mahali ninaona mikono yake."

Mama Kanyiva akafungua furushi, akachukua joho la juu, akalinyoosha juu ya goti. Hakumwambia Opicho aende wala akae.

"Lakini kwa nini?" Kanyiva akauliza. "Ulitaka ifanye nini?"

"Ulikuwa utani."

"Utani gani? Mbona sisi hatujauona?"

Hapo ndipo palipokuwa pagumu kuliko pote. Opicho akautazama uzi wa dhahabu ukipanda na kushuka, akatamani aulizwe kitu kingine chochote, hata habari za yule paka.

"Hamjauona kwa sababu haukufika," akasema. "Nilitaka kompyuta ikujibu maneno ya kuchekesha, Mama. Nilibonyeza herufi moja kwa haraka, nikasikia kandambili zako, nikaogopa. Nisamehe. Nilikuja kukuchezea, na hata mchezo wenyewe ulinishinda."